Kuvua Mtera kwa mtumbwi wa kukodi: uliza kina kwanza

Watu wakiniuliza kuhusu kuvua Mtera swali la kwanza huwa chambo, niende na minyoo au ugali, la pili ndoano saizi gani, alafu la tatu mtumbwi unakodiwa bei gani. Mi najibu yote lakini kabla ya yote namuuliza na yeye, unajua maji yamefika wapi wiki hii? Wengi hawajui, na hawajui kwa sababu hawajawahi kufikiria kwamba linahusika. Linahusika kuliko chambo, kuliko uzi, kuliko hata mtu unayeenda naye majini.

Mtera ni bwawa, liko mpakani mwa Dodoma na Iringa. Maji yake yanaingia na mvua ya mbali na yanatoka kwa mtu kufungua geti, kwa hiyo samaki wa pale anaishi maisha ya kuhama hama ambayo samaki wa ziwa hayajui. Kituo cha umeme cha Kidatu kule chini kilianza mwaka 1975 kikitegemea Ruaha Mkuu, mto ambao masika unafurika na kiangazi unakonda, ndio ikaonekana lazima huku juu pawe na akiba, na mwanzoni mwa miaka ya 80 Mtera ikawa tayari. Yaani kwa haraka haraka Mtera ni simtanki ya Kidatu. Mitambo yake yenyewe, ile ya megawati 80, ilikuja baadaye mwaka 1988, na Kidatu ina megawati 204, kwa hiyo unaona mwenyewe maji yanatunzwa kwa ajili ya nani.

Sasa sikiliza hizi namba mbili maana mvuvi wa Mtera anaishi katikati yake. Likijaa kabisa kina kinasomeka mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na 690 ndio kiwango cha chini cha kuzalisha umeme. Tofauti ni mita nane na nusu, ukiisikia unaona ndogo, ila nenda kaangalie ile nchi ilivyo tambarare hasa upande huu wa Dodoma, maji yakishuka mita moja tu ukingo unarudi nyuma mbali kweli kweli, pale ulipofunga mtumbwi mwezi wa tano ukirudi mwezi wa kumi na moja unakuta ng'ombe wanachungwa na watu wamelima. Nimeshuhudia vijana wanatembea na ndoo za samaki vichwani kwenye tope lililopasuka, mbali na barabara, maana mwalo wenyewe, pale mitumbwi inaposhushia samaki, umehamia huko.

Na usidanganyike na mvua ya Dodoma. Mvua yetu huku kati ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, ila maji mengi ya Mtera yanatoka mbali, yanatoka milima ya kule Mbeya na Njombe, yanapita bonde la Usangu, yanapita Hifadhi ya Ruaha, ndio yanafika. Ruaha Mdogo nao unaleta yake kutoka Iringa, na Kisigo unaingia kutoka upande wa magharibi. Kwa hiyo inaweza ikanyesha Chamwino mpaka njia zikatike na bwawa halijapanda hata kidogo, na siku nyingine jua linachoma Dodoma nzima huku Mtera maji yanapanda kwenye nyasi. Mwenye taarifa sahihi ni yule aliyeamkia majini leo, mpigie simu.

Kabla sijaendelea nijibu na hili maana naulizwa sana na vijana wanaoangalia video za Wamarekani: Mtera kuna bass? Mi sijawahi kumuona wala kumsikia mvuvi wa pale anayemjua. Bass ni samaki wa Marekani ya Kaskazini. Kwa huku kwetu wa karibu anayejulikana ni wa Ziwa Naivasha, Kenya, alipandikizwa miaka ya 1920 na mpaka leo watu wanakodi boti kwenda kumvua. Ndiye yule ambaye rekodi yake ya dunia iliwekwa na George Perry huko Georgia tarehe 2 Juni 1932, ratili 22 na aunsi 4, kilo kumi na kidogo, ikakaa miaka yote hiyo mpaka 2009 ndio Mjapani Manabu Kurita akaifikia kwenye Ziwa Biwa. Samaki mmoja anatafutwa miaka 77! Mi nawaelewa kabisa wanaompenda.

Lakini zile video ziangalie, zina faida. Mabwawa mengi wanayovulia bass kule ni kama haya yetu, ya kutengenezwa na watu. Kuna moja linaitwa Lake Fork, Texas, lilimalizika mwaka 1980, karibu umri sawa na Mtera, na kule waliacha miti mingi isimame ndani ya maji makusudi ili samaki wapate maficho. Mtera nayo ina miti yake. Wewe ukipita na basi la Iringa unaiona, mikavu, imesimama majini na manandi wamejaa juu wametandaza mabawa. Ile ilikuwa pori, maji yakaja yakaikuta. Yule mvuvi wa Texas anasogeza boti taratibu anatupa chambo kwenye shina, anajua samaki anapenda kivuli na sehemu ya kujibanza, na kabla ya kutoka nyumbani ameshaangalia kina cha bwawa kimepanda au kimeshuka. Hilo la kina ndio la kuchukua. Rodi ya bei mbaya na zile chambo za plastiki za rangi rangi achana nazo, perege hana habari nazo.

Haya, safari. Sisi tunatoka Dodoma usiku, saa tisa hivi, mi na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, huyo ndio mwenzangu wa majini. Ni barabara ya Iringa, unapita Fufu, Chipogolo, lami nzuri ila punda na mbuzi wanalala barabarani kwa hiyo usikimbize. Kabla ya jua kuchomoza uko Mtera. Barabara inapita pale pale juu ya tuta la bwawa, pana ulinzi, simu weka mfukoni usianze kupiga picha. Ukivuka uko mkoa wa Iringa, unaikuta Migoli. Sisi mara nyingi tunaanzia upande wa huku, wa Dodoma.

Mtumbwi hakuna ofisi ya kukodisha. Unakodi kwa mvuvi, na mvuvi mzuri ni yule ambaye ametoka kutega nyavu zake usiku na mchana mtumbwi unakaa. Kuna mzee mmoja tumezoeana naye, sitomtaja, tunamwita babu tu. Mazungumzo yetu ya asubuhi yako hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mama, mmelala salama huko Dodoma? Huyu mdogo wako naye hajambo?"

"Hajambo babu. Maji vipi?"

"Yamerudi nyuma. Tangu Jumapili yamerudi nyuma, pale kwenye ule mbuyu sasa hivi unakanyaga chini. Twende ndani kidogo."

Hapo hatujazungumzia bei bado wala chambo. Babu ameshatupa siku nzima kwenye sentensi moja. Maana yake wale perege wa kwenye nyasi wamesogea, na sisi tukienda kukaa pale tulipovua mwezi uliopita tutakaa tunaangaliana.

Bei mnaelewana kabla ya kupanda, na ielezwe vizuri ni ya mtumbwi peke yake au na mwenye kupiga kasia, ni mpaka saa ngapi, na samaki ni wa nani. Mi naona lipia na mwenye kasia, kabisa, hata kama wewe unajua. Yeye anajua kisiki kiko wapi chini ya maji, nyavu za nani zimetegwa wapi (ukikata nyavu ya mtu umemkata riziki yake, na ana haki ya kukasirika), na viboko walilala wapi. Kagua mtumbwi. Angalia viungo vya mbao vilivyozibwa, kila mtumbwi wa mbao unavuja kidogo hilo ni kawaida, ila ukiona maji yanaingia kabla hamjaondoka omba mwingine. Kopo la kuchotea maji liwepo. Laifu jaketi beba la kwako, pale mara nyingi hakuna, na mi simpandishi mtu kwenye mtumbwi bila laifu jaketi hata akiwa anaogelea kuliko samaki mwenyewe.

Alafu upepo. Asubuhi Mtera inatulia, maji yamelala, unasikia hadi watu wanaongea ng'ambo. Ikifika saa nne, saa tano, unaanza, na kwa sababu bwawa ni pana, likijaa linazidi kilomita za mraba 600, hakuna cha kuuzuia, mawimbi yanakuja mafupi mafupi na makali na mtumbwi mwembamba hauyapendi. Babu akisema turudi tunarudi, hata kama ndio samaki wameanza kula. Hatubishani.

Perege ndio samaki wa Mtera ninayempenda. Wengi wanamchukulia poa kwa sababu ni samaki wa kukaanga, ila kumvua kwa ndoano kunataka akili. Ana mdomo mdogo, anaonja onja, hanyakui kama kambale. Ndoano ndogo, uzi mwembamba, risasi (kile kizito cha kuzamisha uzi) ndogo sana, na boya jepesi, sisi tunatumia kipande cha kandambili iliyochoka na kinafanya kazi vizuri kuliko maboya ya dukani. Chambo ni minyoo au ugali uliokandwa ukakaza. Boya likianza kucheza usivute, subiri liende pembeni au lizame lote ndio unainua mkono taratibu.

Na sasa nakuja kwenye kile nilichokuwa nataka kusema kuhusu kina. Dume la perege linachimba shimo dogo la duara kwenye maji mafupi, kwenye mchanga au tope laini, linakaa hapo linafukuza wenzake, jike linakuja linataga alafu linayachukua mayai yote mdomoni na kuondoka nayo, vifaranga vinakulia humo humo mdomoni mpaka viweze kujitegemea. Ukiwa juu ya mtumbwi jua likiwa limepanda kidogo unaviona vile vishimo chini, vimepangana. Sasa bwawa likishushwa haraka vile vishimo vinabaki nchi kavu, nimevikuta kabisa, uwanja mzima wa vishimo juu ya udongo uliokauka na hakuna maji karibu. Jike lililokwisha kubeba mayai linaondoka nayo salama, ila dume limepoteza sehemu yake na inabidi lianze upya mbele huko. Bass naye kule kwao yuko hivyo hivyo, tena yeye hali yake ni mbaya zaidi maana mayai yanabaki kwenye shimo chini na dume ndio linayalinda, maji yakishuka yanakauka yote. Ndio maana mvuvi wa Texas anaangalia kina na mvuvi wa Mtera anaangalia kina, na hawajuani.

Kwa hiyo maji yakiwa yanapanda, kuanzia Januari, Februari kutegemea na mwaka, nenda pembeni kwenye nyasi na vichaka vilivyofunikwa juzi juzi. Perege anafuata chakula kipya, wadudu, majani yanayooza, kila kitu kimelowana na kimelainika. Hapo hata mkono wa mtoto utapata. Yakitulia, Aprili mpaka Juni, ndio vishimo vinaonekana vizuri na samaki anajulikana alipo, huu ndio wakati wangu. Yakianza kushuka, toka pembeni, nenda kwenye miti mikavu iliyosimama kwenye maji marefu kidogo, funga mtumbwi kwenye tawi kabisa, shusha uzi karibu na shina. Utanasa sana kwenye visiki, beba ndoano za ziada nyingi. Mwezi wa kumi na kumi na moja maji yakiwa yamekusanyika kwenye mkondo wa zamani wa mto samaki wanakuwa wamebanana na unapata wengi, ila mi miezi hiyo siendi. Moyo haunipi. Wavuvi wa pale wenye kulisha familia waende, ni kazi yao, mimi naenda kwa mapenzi na naweza kungoja mvua.

Kambale nitasema machache. Anavuliwa jioni na usiku, ndoano kubwa, uzi mnene, chambo ni utumbo wa kuku au maini yaliyoanza kunuka, na babu anatumia kipande cha sabuni ya kufulia na anapata. Anaweza kupumua hewa ya juu kwa hiyo hata tope linamfaa, maji yakishuka yeye ndio wa mwisho kuondoka. Ila usiku Mtera kuna viboko wanatoka kula, na mamba wapo. Kwa ajili hiyo kambale nawaachia wenyeji. Hata mchana miguu na mikono iwe ndani ya mtumbwi, samaki uwaoshee ndani kwa maji ya kuchota, na ukiona kiboko na watoto, zunguka mbali hata kama unapoteza nusu saa.

Leseni msiruke. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo na inafanya kazi, pitia kwa afisa uvuvi au uulize uongozi wa pale mwaloni watakuelekeza. Na kama unanunua samaki pale badala ya kuvua, angalia ukubwa. Wale perege wadogo wa kiganjani wanaouzwa kwa fungu wametoka kwenye makokoro na nyavu za timba, zile za uzi wa plastiki, nyavu ambazo zimekatazwa na kila mtu pale anajua zimekatazwa. Sinunui. Yule mama wa kukaanga pale barabarani akiniuliza kwa nini nachagua namwambia ukweli na yeye anakubali, anasema wakubwa siku hizi lazima uamke mapema ugombanie.

Kinachoniuma zaidi ya makokoro ni huko juu. Ruaha Mkuu tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, mto mkubwa vile, viboko wanabanana kwenye madimbwi, na moja ya sababu kubwa ni maji yanayochepushwa Usangu kwa ajili ya mpunga na ardhi oevu ya Ihefu kuvamiwa. Mi wali naupenda na siwezi kumwambia mkulima asilime. Ila maji yasiporudi mtoni baada ya kupita shambani yanayochelewa kufika ni haya ya kwetu, na Mtera ikiingia kiangazi haijajaa kila kitu kinabanwa kwa wakati mmoja, umeme, samaki, ng'ombe. Wanaokumbuka mgao wa umeme wa 2006 wanakumbuka habari ilikuwa ni kina cha Mtera kila siku redioni. Wengi tulikuwa tunasikiliza kwa sababu ya taa. Wavuvi walikuwa wanasikiliza kwa sababu nyingine kabisa.

Kama Mtera ni mbali kwako, nenda Hombolo, hapo kaskazini mashariki ya mji, kama kilomita 40. Bwawa dogo, la mwaka 1957, perege na kambale wapo na huhitaji kuamka usiku. Tatizo la Hombolo ni kichocho, konokono wake wapo kwenye yale maji na ugonjwa upo miaka mingi, kwa hiyo usisimame kwenye maji ya magotini kuvua kama wanavyofanya vijana wa pale, kaa kwenye mtumbwi au ukingo mkavu, na ukilowana jifute ukauke haraka. Ukishaanza kuona damu kwenye mkojo nenda kituo cha afya, dawa ipo.

Mwaka huu nataka kwenda upande wa Kisigo unapoingilia bwawani, babu anasema kule miti ni mingi na nyavu ni chache, ila kwa kasia ni mbali mno kutoka tunapoanzia na kurudi na ule upepo wa saa tano haiwezekani. Inabidi kupata mtumbwi upande wa huko huko, au mtu mwenye boti ya injini anayekubali kutuvusha alfajiri na kutufuata. Kama una ndugu au unamfahamu mvuvi wa vijiji vya upande ule naomba uniunganishe naye, tutakuja mwezi wa tano maji yakishatulia, tutalipa vizuri na laifu jaketi tutakuja nazo, hata ya kwake.